Tulivyomlilia Mrefu Angali Hai

Nitawataja kwanza wote waliokuwepo, kwa sababu siku hizi kila mtu wa Likasi mwenye mvi mbili anasema alikuwepo.

Nilikuwepo mimi na beseni langu la karanga. Alikuwepo mdogo wangu anayenifuata, mwenye namba saba mgongoni na kaptula niliyomshonea kutoka pazia la sebuleni. Alikuwepo kitinda mimba wetu, msichana wa miaka minane, ambaye kazi yake ilikuwa kukunja karatasi za kuuzia karanga, na siku ile alikula nyingi kuliko alizofunga. Walikuwepo wanafunzi wa koleji, sekondari ya mapadri, labda mia mbili, nawahesabu kama mtu mmoja kwa sababu walitoa sauti moja. Alikuwepo Padri msimamizi wa nidhamu. Alikuwepo mwamuzi, mwalimu wa hesabu kutoka shule nyingine, aliyefunga filimbi yake shingoni kwa kamba ya kiatu. Ilikuwepo timu ya wageni kutoka Lubumbashi na kocha wao, na ndani ya timu hiyo kijana mmoja tuliyemwita Mrefu. Na alikuwepo Kambo. Kambo kwetu ni bibi, mama wa mzazi, lakini huyu hakuwa bibi wa mtu yeyote pale uwanjani. Aliingia katikati ya mchezo, kwa makosa, na wanawake kumi na mmoja nyuma yake.

Hao ndio wote. Mwingine akikuambia alikuwepo, muulize mdomoni mwangu mlikuwa na nini kipindi cha mwisho. Akishindwa kujibu, usimpe kiti.

Naandika haya kwa sababu ya mambo ninayoyasikia. Leo ukienda kwenye mchezo wa mpira wa kikapu pale koleji, utawakuta wanafunzi wameketi chini, vitambaa kiunoni, wanamlilia mchezaji bora wa timu ngeni kama vile amekufa. Mchezo ukiisha wanampaka unga kwenye paji la uso. Na katika kipindi cha mwisho msichana mmoja huketi mbele ya wote na maji mdomoni, mashavu yamevimba, wala hayamezi. Wanayafanya haya kwa uso mkavu kabisa. Ukiwauliza yametoka wapi, mmoja atasema yaliletwa na padri wa kizungu kutoka kwao. Mwingine atasema ni mambo ya wawindaji wa zamani. Mwaka jana bwana mmoja msomi alieleza redioni maana ya yale maji kwa muda wa nusu saa. Nilikuwa nasonga bukari, ugali wetu, nikausahau mwiko mpaka ukasimama wenyewe kwenye sufuria.

Ukweli ni kwamba yote yalianza kwa ajili ya sahani ya maharage.

Baba yetu alitangulia, mama akamfuata mwaka mmoja baadaye. Nilikuwa darasa la tatu la sekondari. Siku ya kuondoa kilio cha mama, yaani kumaliza matanga, nilirudisha vitabu shuleni, nikaanza kuuza karanga. Hakuna aliyenilazimisha. Nilitazama nyumba, nikaona wadogo wawili na mfuniko juu ya sufuria tupu, nikajua. Ilikuwa miaka ile ambayo kampuni ya shaba ilikuwa haina tena moshi wa kutoa, mshahara ukawa hadithi wanayosimuliana wazee, na walimu wakaishi kwa kile walicholeta wazazi: leo kuku, kesho maneno matupu.

Koleji ilikuwa na timu nzuri zamani. Lakini vijana warefu wengi walikuwa watoto wa familia zenye asili ya Kasai zilizofukuzwa mkoani kwetu, zile zilizolala kituoni wiki na wiki zikingoja treni ya kwenda Kasai. Hilo halina mzaha, na hata mimi ninayefanya mzaha na kila kitu naliacha kama lilivyo. Waliondoka, na vitanda vyao vya internati, bweni la koleji, vikabaki na magodoro yaliyokunjwa. Ndivyo mdogo wangu, ambaye akisimama kwenye vidole anafika begani mwa mtu, alivyoingia kwenye timu.

Sasa, koleji ilikuwa na kanuni moja. Mchezaji alilala na kula internati muda wote timu ilipokuwa bado mashindanoni. Maharage na bukari kila siku, Jumapili samaki wadogo wa ziwa Tshangalele. Timu ikitolewa, mchezaji wa nje anarudi kwao jioni hiyohiyo. Kwetu tulikula mara moja kwa siku. Mdogo wangu alipokuwa internati, kitinda mimba alipata sehemu ya pili, na mdogo wangu mwenyewe alikuwa na taa ya kusomea na tumbo lililonyamaza, miezi miwili kabla ya mtihani wa serikali. Mimi sheria za mpira wa kikapu sikuzijua. Nilijua hiyo moja: wakishinda, sahani inabaki.

Walikuwa wameshinda michezo miwili, mmoja kwa bahati na mwingine kwa sababu wageni walichelewa njiani wakafika wamechoka. Ndipo wakaja wa Lubumbashi.

Wiki iliyotangulia wanafunzi walikuwa wamepiga ndoo kama ngoma na kumtukana mwamuzi mpaka wakafika kwa mama mkwe wake. Kwa hiyo Padri alisimama katikati ya uwanja na karatasi, akasoma marufuku: hakuna ngoma, hakuna ndoo, hakuna filimbi, hakuna tusi, hakuna wimbo wenye jina la mtu.

"Mtashangilia kwa makofi," alisema, "kama watu."

Basi wakashangilia kwa makofi. Yalikuwa makofi ya hotuba ya mwisho wa mwaka, yale ambayo mtu hupiga huku akitafuta mlango ulipo. Na Mrefu akafanya alivyotaka. Alikuwa haruki. Alinyoosha mkono tu, kama mtu anayerudisha sahani kabatini. Mapumziko yalipofika tulikuwa nyuma kwa pointi kumi na moja.

Mdogo wangu alikuja kwenye beseni langu kunywa maji. Jasho lilikuwa limeanza kuitoa rangi ile kaptula ya pazia.

"Yaya," aliniambia, ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, "ule haiko muntu. Ni nguzo ya umeme."

"Ya Mwadingusha?"

"Ya Mwadingusha kabisa."

"Basi usiogope," nikamwambia. "Siku hizi umeme wa bwawa la Mwadingusha haumalizi siku bila kukatika."

Alicheka, halafu akachuchumaa kufunga kiatu. "Leo jioni nitarudi nyumba," alisema, bila kuniangalia. "Mumwambie mutoto asizoee ile sehemu ya pili."

Kitinda mimba alisikia. Aliacha kutafuna.

Hapo ndipo nilipoanza kuipitia ile marufuku ya Padri kichwani, neno kwa neno, kama mtu anayezunguka ukuta akitafuta tundu. Ngoma, ndoo, filimbi, tusi, wimbo. Na nikaliona tundu. Padri hakukataza kulia.

Kulia nilikujua. Kwenye kilio cha mama nililia na wakubwa siku zote, na kina mama walinifundisha namna ya kumtaja marehemu: unamwita, unataja kazi alizozifanya, unauliza nani atazifanya sasa. Walikuja pia watani wa ukoo wetu, ambao kazi yao msibani ni kufanya dhihaka. Mmoja alivaa kitenge cha mama akatembea kama mama, akatukaripia kwa sauti ya mama tukaoge, na sisi watoto wake tukacheka huku kamasi zinatutoka. Kwetu kilio na kicheko hulala mkeka mmoja. Kwa hiyo sikuona kwamba ninavunja kitu.

Kipindi kilichofuata kikaanza. Mrefu akasukumwa na mtu wetu, mwamuzi akapuliza, akampa mitupo miwili ya adhabu. Uwanja ukanyamaza. Niliweka beseni chini, nikafungua kitambaa cha kichwani nikakifunga kiunoni, nikaketi udongoni na miguu imenyooka, nikafungua koo.

"Yooo! Mutoto wa benyewe! Likasi ulikuja na miguu yako, sasa utarudia na nini?"

Mrefu, mpira mkononi, akageuza shingo.

"Mama yako alikupikia asubuhi, hakujua! Nani atabadilisha taa bila kupanda kiti? Nani atatuangalilia treni kama inakuja? Yooo!"

Akatupa. Mpira haukufika hata kwenye chuma. Wanafunzi wa mbele walicheka kwanza, halafu mmoja akakaa chini karibu nami, akashika kichwa kwa mikono miwili, akaitikia. Kisha benchi zima. Mtupo wa pili uligonga ubao ukarudi zake. Nilimtazama Padri. Alikuwa amefungua karatasi yake anasoma, na alipofika mwisho aliigeuza kuona kama kuna kitu nyuma.

Sitasema nilikuwa na aibu. Kila Mrefu aliposhika mpira tulimzika. Tulimtajia sifa, kwa sababu marehemu hatukanwi: mpole, mwenye adabu, aliyekuwa haoni vumbi kwa sababu vumbi halimfikii. Alianza kuutupa mpira haraka ili auondoe mikononi. Pointi kumi na moja zikawa nane, zikawa tano, zikawa tatu. Mdogo wangu alinitazama mara moja tu, akauma mdomo asicheke.

Nilichosahau ni kwamba ukuta wa koleji unapakana na njia ya sokoni.

Miaka ile watu walikufa mno. Wanawake wa mtaa waliweka kifurushi cha unga karibu na mlango, tayari, kwa sababu msiba haukuombi ruhusa. Ukisikia kilio huulizi ni cha nani. Unachukua unga, unachukua sufuria kama unayo, unakwenda, unalia kwanza. Habari utaambiwa baadaye. Na sauti iliyotoka pale koleji ilikuwa sauti ya watu mia mbili. Mtu aliye nje angefikiri internati nzima imekula sumu.

Lango likafunguka. Akaingia Kambo, mzee mwembamba na mweusi sana, kifurushi kichwani, na nyuma yake wanawake kumi na mmoja, wawili na sufuria, mmoja na kuni. Walivua ndala langoni. Walikatisha uwanja mbele ya wachezaji wanaokimbia, wakaketi chini ya kikapu cha wageni, wakaanza kulia kweli.

Nanyi mliosikia kilio cha mchezo na kilio cha kweli siku moja mtajua tofauti. Sisi tulinyamaza mmoja mmoja. Mpira uliruka mara tatu peke yake, ukabingirika, ukasimama kwenye mapaja ya Kambo. Aliutazama. Akafuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Mufu iko wapi?" aliuliza.

Akatuzungushia macho, benchi kwa benchi.

"Bana bangu, ninauliza. Tumelia, sasa tuonyeshwe mufu."

Kitinda mimba wetu, ambaye hajawahi kuacha swali la mtu mzima bila jibu, akanyoosha kidole kumwonyesha Mrefu. "Ni ule."

"Ule mwenye kusimama?"

"Ndiyo, Kambo."

Kambo alimpima Mrefu kutoka viatu kwenda juu, na safari ilikuwa ndefu. "Kama ni ule," alisema, "hatukuleta sanduku la kumuenea."

Wanafunzi wakaangua kicheko, lakini Mrefu hakucheka. Uso wake ulikuwa umepauka. "Kambo, minye siko mufu," alisema, na sauti yake, ambayo hatukuwa tumeisikia mchana kutwa, ilikuwa ya mtoto kabisa. "Kambo, waambie. Nyumba kwetu wakisikia walinililia, mama yangu atafanya je?" Akauacha uwanja, akaketi kwenye benchi lao, akasema hachezi tena mpaka mtu amtoe katika hali ile.

Kocha wao hakupoteza muda. Alimwendea mwamuzi akasema mchezo umevurugwa na wenyeji, kwa hiyo ushindi ni wao. Mwamuzi aliivuta kamba yake ya kiatu, akatazama juu kama anayetafuta hesabu ya jambo hilo. Na Padri akaja moja kwa moja kwa mdogo wangu.

"Ule mwenye karanga ni dada yako?"

"Ndiyo, Padri."

"Chukua vitu vyako internati. Leo unalala kwenu."

Hakupandisha sauti. Mdogo wangu alisema tu, "Ndiyo, Padri," akaanza kufungua kamba za viatu, kwa sababu viatu vilikuwa vya koleji. Nilikuwa nimeitetea ile sahani kwa koo langu, na kwa koo hilohilo nimeipindua.

Nilisimama nikaenda kwa Kambo, nikapiga magoti. Sikumficha kitu. Nilimwambia ni mimi, nilimwambia kuhusu sahani, mtihani, na sehemu ya pili ya mutoto. Alinisikiliza huku mkono mmoja bado umeshika mpira.

"Wazazi?"

"Hapana, Kambo. Wote wawili."

"Na nani alikufundisha kulia?"

"Kilio cha mama."

Aliuweka mpira chini. "Unalia vizuri," alisema. "Pale kwa kubadilisha taa, minye nilikuwa njiani, nikasema huyu mufu alikuwa muntu wa maana."

Kisha akanyoosha mkono, nikamwinua. Alikwenda katikati ya uwanja bila viatu, akamwita Padri kwa kidole kama mtu anavyomwita mkwe mdogo. Padri akaja.

"Padri, tusikilizane. Mutoto huyu alililiwa angali hai. Sasa ni lazima arudishwe. Kwetu iko na desturi."

"Desturi gani?"

"Utaona."

Alifungua kifurushi chake cha unga. Alimwita Mrefu, akamwinamisha mpaka kichwa chake kikafika mahali pa kufikika, akampaka unga kwenye paji na kifuani juu ya namba. Akamwambia ataje jina lake mara tatu kwa sauti. Mrefu akataja. Akampiga kofi mgongoni lililosikika mpaka barabarani. "Umerudi," akamwambia. "Nenda ucheze." Na Mrefu, nakuambia, alinyooka kama mtu aliyetuliwa gunia.

"Na ule mwenye kuanza," Kambo akaendelea, akanigeukia mimi, "atajaza maji kinywani, atakaa pale mbele ya bantu wote, mpaka mchezo uishe. Akiyameza au akiyatema, yote tuliyofanya yameharibika. Ni desturi."

Kocha wa wageni alisema hajawahi kusikia. Kambo akamuuliza mama yake ni wa wapi. Akajibu. "Basi muulize yeye," Kambo akasema, na kocha, kwa sababu ambayo yeye mwenyewe labda hajui mpaka leo, akanyamaza. Mrefu alikuwa ameshaingia uwanjani. Padri akamwashiria mdogo wangu afunge tena viatu, na mwamuzi akapuliza filimbi.

Kipindi cha mwisho, basi, nilikaa kwenye kiti mbele ya wanafunzi, kinywa kimejaa maji ya beseni langu, yenye ladha ya maganda ya karanga. Jaribu wewe. Kwanza pua inawasha. Halafu mate yanaongezeka, maji yanakuwa mengi kuliko ulivyoyaweka. Kitinda mimba alikuja kunikagua kwa karibu kila baada ya muda, akitangaza kwa wanafunzi, "Bado iko nayo."

Mrefu aliyefufuka alikuwa mbaya kuliko yule wa kwanza. Unga ulimtiririka na jasho akawa anatisha, na alicheza kama mtu asiyetaka kupoteza hata dakika aliyorudishiwa. Lakini wetu nao walikuwa wameonja. Mwishoni tulikuwa nyuma kwa pointi mbili, mpira mikononi mwa mdogo wangu. Nilimwona mwenzake peke yake chini ya kikapu, kushoto, hakuna mtu karibu yake, mikono juu. Mdogo wangu hakumwona. Neno moja tu lilihitajika, na lilikuwa pale, nyuma ya maji. Nikashika kiti kwa mikono miwili. Nikayashika na maji.

Alitupa mwenyewe. Mpira ulizunguka chuma, ukafikiri, ukatoka.

Nilikwenda pembeni nikayatema kwenye mizizi ya nyasi. Hakuna aliyenitazama. Mdogo wangu alikuwa ameketi anafungua kamba za viatu kwa mara ya pili.

Timu ilikuwa imetolewa. Kanuni ilikuwa kanuni. Ila kulikuwa na wanawake kumi na wawili chini ya kikapu, na hawakuonyesha dalili ya kuondoka. Walikuwa wamewasha kuni.

"Kambo," Padri akasema, "mchezo umeisha."

"Mchezo, ndiyo. Kilio hakijaondolewa. Waliolia hawarudi nyumba bila kula, hata kama mufu alipona. Sisi iko na unga. Mboga tutalomba kwako."

Padri alikuwa amekaa Likasi miaka ya kutosha kujua kwamba hilo la kula ni kweli. Alituma maharage ya internati yaletwe. Walisonga bukari pale uwanjani, na wote wakala: wanafunzi, wageni, mwamuzi, Mrefu na unga wake. Kambo alihakikisha Padri anakula kutoka sufuria moja na yeye. Alimngoja ashibe. Ndipo akasema:

"Sasa tunaondoa kilio. Padri, siku ya kuondoa kilio mkubwa wa waliolia analomba kitu kimoja kwa mwenye nyumba. Na mwenye nyumba hakatai."

"Hiyo nayo ni desturi?"

"Ni desturi."

"Sijaisoma popote."

"Yako inaandikwa, Padri. Yetu tunakumbuka tu." Akalamba kidole. "Ninalomba sahani ya ule mufupi, namba saba. Mpaka mtihani."

Mimi nimezaliwa Likasi. Nimelia kwenye vilio visivyohesabika, nimeviondoa, nimepika, nimeosha sufuria zake. Desturi hiyo sikuwahi kuisikia kabla ya siku ile, wala sijaisikia tena. Nililitazama jivu. Wanawake kumi na mmoja wakaitikia kwa pamoja, polepole, "Njo vile. Njo vile." Ndivyo ilivyo, walisema, na hakuna hata mmoja aliyetabasamu.

Padri alimtazama Kambo, akatazama sufuria, akanitazama mimi. Nadhani alijua. Alisema, "Mpaka mtihani," akanawa mikono.

Mdogo wangu alikula sahani ile kwa miezi miwili akapata diploma kwa asilimia hamsini na tatu, ambayo kwa mtoto wa mpira ni nyingi. Kitinda mimba alibaki na sehemu ya pili. Mashindano yaliyofuata, wanafunzi wapya walileta vitambaa vya kiunoni na unga kutoka makwao, na msichana mmoja wa darasa la tano akaomba yeye ndiye ashike maji. Waliamini kwamba ndivyo ilivyofanyika tangu zamani. Mwaka mmoja tu, na tayari ilikuwa zamani.

Nilimsindikiza Kambo jioni ile, nikimbebea kifurushi, ambacho sasa kilikuwa kitambaa kitupu. Nilimuuliza yale maji yalikuwa ya nini.

"Ya kukufunga kinywa," alisema. "Padri alikuwa na hasira. Ungesema neno moja zaidi tungekosa yote."

"Na unga?"

"Unga ulikuwa mukononi." Akatembea hatua chache. "Lakini unajua, bale bamama walilia machozi ya kweli. Na minye nililia ya kweli. Machozi hairudishwe kwa asante. Weye uko na deni yangu."

Nilimwambia nitalipa kwa chochote.

"Siku minye nitakufa, utakuja. Utakaa mbele. Utalia kama ulivyomlilia ule nguzo, na usiseme nilikuwa mupole, bantu batacheka. Useme nilimudanganya padri nikiwa nimeshika maharage yake mukononi."

Nikakubali. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilidhani si deni la muda mrefu. Alionekana mzee mno. Lakini ameshawazika wanane kati ya wale wanawake kumi na mmoja. Alihamia kwa binti yake upande wa ziwa, na kila mwaka hutuma samaki waliokaushwa kwa mtu anayepita, pamoja na swali lilelile: ile sauti ya muuza karanga iko bado? Safari iliyopita nilimjibu kwamba siku hizi ninapata kikohozi kila kiangazi. Wiki mbili baadaye ikafika chupa ya asali na ujumbe kwamba nijitunze, kwamba yeye hana haraka, na kwamba maneno ya kubadilisha taa nisiyarudie kwake, nimtafutie mapya.

Ninayo matatu hadi sasa. Hayajatosha.